Anayesubiriwa Mlimani

Ndugu msomaji, hebu jibu swali hili kabla hujaendelea kusoma. Vijana tisa wamekubaliana kwenda safari ya mbali kwa baiskeli. Mwisho wa safari kuna mlima. Wakifika mlimani, mmoja wao miguu inagoma, na wenzake wanane nguvu bado wanazo. Je, wamsubiri au waende zao?

Najua umekwisha kujibu. Umesema wamsubiri. Kila niliyemwuliza kasema hivyohivyo, tena upesi, kama mtoto anayeulizwa mbili jumlisha mbili. Upesi huo ndio unaonitia shaka. Sisi tumelelewa kwenye "umoja ni nguvu". Tumeisikia mstarini shuleni, tukaiandika kwenye insha za kidato cha pili, mwalimu akatuwekea vema. Hakuna aliyetuuliza nguvu hiyo inatoka wapi na inafanya kazi mpaka wapi. Mimi nadhani kuna mahali inapokoma, na mahali hapo napajua kwa jina. Panaitwa Mombo.

Nianze na Tanga, maana huko ndiko nitokako. Mji wetu ni tambarare. Barabara za Ngamiani zimenyooka na zina namba kama kurasa za daftari, basi kila mtu ana baiskeli yake: mchuuzi wa samaki, mwalimu, kinyozi, mpaka mzee anayekwenda msikitini na kanzu yake ameikunja magotini. Mtu wa Tanga hasemi "nimejifunza kuendesha baiskeli". Anajikuta tu yuko juu yake. Lakini baiskeli ya tambarare ni jambo moja, na ya mlimani ni jambo lingine kabisa, na sisi wa pwani jambo hilo la pili hatulijui mpaka litukute.

Kundi letu halina mwanamichezo hata mmoja. Kuna msambaza mikate, ambaye sote tunamwita kaka mkubwa kwa kuwa ametuzidi umri na kwa kuwa kila alfajiri anapiga pedali akiwa na kreti mbili nyuma. Kuna fundi baiskeli. Kuna wachuuzi wawili wa samaki. Kuna mshona nguo wa barabara ya kumi na tano, ambaye tulimtania kwamba miguu yake imezoea pedali ya cherehani, ile isiyokwenda popote. Na kuna mimi, mhitimu wa kidato cha nne, ambaye kazi yangu ni kusaidia dukani kwa mjomba mchana na kuandika riwaya usiku, riwaya ambayo haijaisha na sijui itaisha lini. Wengine watatu niwaache, ni watu wema lakini hawamo sana katika hoja hii.

Julai 2024 tulikata shauri kwenda Lushoto kwa siku moja. Tulipiga kura, mikono tisa ikaenda juu, na wa mshona nguo ulikuwa mmojawapo. Tuliondoka saa tisa usiku, na kidumu cha maji, maandazi, sukari guru, pampu na vipande vya mpira vya kuzibia pancha. Baiskeli zetu ni zile nzito za chuma zisizo na gia, ambazo yule fundi husema zilitengenezwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na milima.

Mpaka Segera hatukuwa watu tisa. Tulikuwa kitu kimoja. Julai ni msimu wa kusi, na upepo ulitupiga usoni tangu giza mpaka jua lilipochomoza juu ya machungwa ya Muheza. Kaka mkubwa akatupanga mstari mmoja, tairi karibu na tairi. Aliye mbele anakata upepo, walio nyuma wanajibanza. Akichoka anajitoa pembeni, anateremka mpaka mkiani, wa pili anashika zamu. Ukiwa nyuma ya mwenzako unasikia kabisa jinsi upepo ulivyokufa, kama mtu aliyeingia ndani akafunga mlango. Wanaoendesha baiskeli za mashindano wanasema mtu aliyejibanza vizuri anaweza kuokoa mpaka kama theluthi ya nguvu zake. Mimi sikuwa na kipimo, lakini miguu yangu iliafiki.

Na angalia uzuri wa mpango huo: anayesaidia naye anasaidiwa. Mshona nguo alikaa mbele zamu zake fupi, akapumzika zamu ndefu, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu hata dakika zake tano zilikuwa dakika tano ambazo mwingine hakukata upepo. Pale ningeapa kwa Kurani na Biblia kwamba umoja ni nguvu.

Korogwe tukanywa chai. Mashamba ya mkonge yakapita, mistari yake inayofunguka na kufungika machoni unapoyapita. Saa nane mchana tukaingia Mombo, tumemaliza zaidi ya kilomita 120, tunacheka. Kutoka pale mpaka Lushoto ni kama kilomita 33. Mtu wa tambarare akisikia thelathini na tatu anasema, ah, hiyo ni kama kumaliza sahani. Lakini Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na Mombo iko chini bondeni, karibu mita 1,000 chini yake. Barabara inaingia katika korongo la milima ya Usambara na kuanza kujipinda, kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na shimo upande wa pili.

Hapa nitamkumbuka kidogo mwalimu wangu wa fizikia, maana bila yeye nisingeelewa kilichotupata. Upepo unaokuzuia unatokana na mwendo wako mwenyewe. Ukipunguza mwendo mara tatu, upepo huo unapungua mara tisa. Kule tambarare tulikwenda kasi ya kutosha kuwa na upepo wa kugawana. Mlimani ulikwenda kama mtu anayetembea, kwa hiyo upepo haukuwepo, na kwa kuwa haukuwepo hapakuwa na kitu cha kujibanza nyuma yake. Kilichobaki ni uzito. Kilo zako na kilo za baiskeli yako lazima zinyanyuliwe mita 1,000 kwenda juu, na hakuna mwenzako anayeweza kukunyanyulia hata kilo moja kwa kuendesha mbele yako. Mstari wetu ulivunjika kabla ya kona ya tatu. Hakuna aliyeuvunja. Uliisha kazi tu.

Basi ndiyo maana nasema umoja wa tambarare si kipimo cha upendo. Ni biashara, tena biashara nzuri, kila mtu anatoa na kila mtu anapata. Mlima unaipiga marufuku biashara hiyo. Unawauliza: haya, sasa kwa kuwa hamna faida tena ya kuwa pamoja, mko pamoja kwa ajili gani?

Kaka mkubwa alikuwa na jibu. "Kila mtu na mlima wake," alisema, "tutakutana konani." Na msidhani ni mtu mbaya. Alikuwa na hoja. Baiskeli isiyo na gia ukiiendesha taratibu mno mlimani inalala. Hawezi kwenda sawa na mtu anayejikongoja hata angetaka, lazima aende mwendo wake au ashuke akokote. Kwa hiyo walio na nguvu walitangulia, wakafika kona yenye kivuli, wakakaa, wakamsubiri mshona nguo. Akatokea, baiskeli ikiyumba. Wakapanda, wakaondoka. Kona nyingine vilevile. Ndiyo desturi ya makundi mengi, na ndiyo ile uliyoichagua wewe msomaji pale juu uliposema "wamsubiri".

Kila alipotufikia alisema maneno mamoja: "Nendeni, nitawakuta." Na kila mara tulikwenda, na kila mara hakutukuta mpaka tulipokaa.

Karibu na Soni, pale unapoanza kuyasikia maporomoko kabla hujayaona, hakutokea. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya mlima, saa kumi na moja na nusu hivi. Fundi akageuza baiskeli akateremka kumtafuta, mimi nikamfuata. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe la pembeni ya barabara, mikono inatetemeka, jasho baridi linamtoka, anatueleza habari za suruali ya mteja ambayo lazima aimalize Ijumaa. Fundi akampa sukari guru, akaitema. Tukamwambia kuna lori la mboga linapanda tupu, limesimama pale nyuma, dereva amekubali. Lo! Akasimama. Akatuambia, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, kwamba hapandi lori, kwamba ametoka Tanga kwa miguu yake na atafika Lushoto kwa miguu yake, na kwamba mtu akigusa baiskeli yake watajuana.

Sasa hapo, ndugu msomaji, wewe ungefanya nini? Huyu ni mtu mzima. Anajua jina lake, anajua anakotaka kwenda, na anakataa. Kwa upande mwingine giza linaingia, hatuna taa, malori yanateremka, na mtu mwenyewe anazungumza na suruali.

Hebu niache Soni kidogo nikupeleke Ufaransa, kwenye kisa kinachofanana na hiki lakini kilichokwisha vibaya. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao sisi tunaukumbuka kwa Azimio la Arusha, mwendesha baiskeli Mwingereza aitwaye Tom Simpson alikuwa katika mashindano ya Tour de France. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka miwili kabla alikuwa bingwa wa dunia. Tarehe 13 Julai walipanda Mont Ventoux, mlima wa zaidi ya mita 1,900 ambao kilele chake ni mawe meupe matupu, na joto siku hiyo lilikuwa kali sana. Kabla ya kilele alianza kuyumba, akaanguka. Fundi wa timu yake alitaka aishie hapo. Simpson akataka kuendelea. Wakamrudisha juu ya baiskeli, wakamsukuma. Akaenda kidogo, akaanguka tena, na safari hiyo hakuamka. Alikuwa na miaka 29. Uchunguzi ulikuta amfetamini na pombe mwilini mwake, kwa hiyo si mlima peke yake uliomwua, lakini kwangu swali ni la wale waliomnyanyua. Walimheshimu. Walifanya alichotaka. Leo kuna jiwe la kumbukumbu karibu na kilele, na waendesha baiskeli wanaacha hapo chupa zao za maji na kofia.

Nikifikiri habari ile naona kwamba "yeye mwenyewe kataka" si neno la mwisho. Mtu aliyeishiwa nguvu, ile sauti inayosema "naendelea" ni yake, ndiyo, lakini si yake yote. Sehemu iliyobaki iko kimya kwa sababu haina nguvu ya kusema. Mapenzi ya mtu yanahitaji sukari kama miguu inavyoihitaji. Fundi wetu hajasoma habari za Simpson, lakini alifanya uamuzi. Alimshika mshona nguo kwapani kama mama anavyomshika mtoto mtundu, mimi nikaikamata baiskeli, dereva akafungua nyuma, akapandishwa. Alilia kwa hasira. Alifika Lushoto kabla yetu sote, na tulipofika sisi usiku, na baridi yake, tulimkuta mgahawani anakunywa supu. Hakutusalimu.

Mpaka hapa naona wengi mmetulia. Mnasema, vizuri, wamemwokoa, hasira itapita. Na mimi ningetulia hapo kama nisingepeleka shati langu kushonwa kifungo wiki tatu baadaye.

Alikuwa kwenye cherehani, hakusimamisha kazi. Nikamwuliza kama bado ana kinyongo na habari ya lori. Akaniambia: "Kaka, lori si neno. Lori mlinifanyia mlipoona nimeharibika. Mimi nauliza habari za huko nyuma, nilipokuwa sijaharibika." Nikamwambia tulimsubiri kila kona. Akacheka, akang'ata uzi.

"Hebu hesabu," akasema. "Mlikaa kona ngapi?"

Nikasema saba.

"Kila kona dakika ngapi?"

Kama kumi.

"Basi nyinyi mlipumzika dakika sabini. Mimi kila nilipofika, mlikuwa mnapanda. Mimi nilipumzika ngapi?"

Ndugu msomaji, nilipiga hesabu ile nikiwa nimesimama na kifungo mkononi. Jibu ni sifuri. Mtu mmoja kati ya tisa aliyehitaji pumziko kuliko wote ndiye pekee ambaye hakulipata, na alilikosa kwa sababu alisubiriwa.

Lakini hakuishia hapo. Akaniambia jambo ambalo nimelifikiria kuliko kitu chochote nilichosoma mwaka ule. Alisema kusubiriwa ni kama kudaiwa. Unakuja kona, unawaona wenzako wamekaa kwenye kivuli wanakutazama, na papo hapo unaongeza mwendo. Huna huo mwendo, lakini unauongeza, maana unaona aibu kuwachelewesha. "Mwendo wa kona," alisema, "ndio ulionimaliza. Kama mngekwenda zenu kweli, ningekokota baiskeli yangu taratibu nikafika saa tatu usiku. Na kama mngekaa nami, tungefika saa tatu sote. Nyinyi hamkwenda na hamkukaa."

Hamkwenda na hamkukaa! Mimi ninayetaka kuwa mwandishi ningetoa mwaka mzima wa usiku wangu kupata sentensi hiyo.

Nilipeleka maneno hayo kwa kaka mkubwa, na lazima niwe mwadilifu kwake. Alisema: "Sasa alitaka nini? Nimbebe?" Na ukweli, swali lake ni zito. Nimeeleza habari ya baiskeli isiyo na gia. Kukaa na mshona nguo maana yake ni kushuka, kukokota, kuacha kabisa kile ulichokuja kukifanya. Kaka mkubwa alikuwa ameisubiri safari ile tangu mwaka uliotangulia, anaamka saa kumi kila siku, mguu wake ni mguu wa kazi, na siku hiyo ndiyo siku pekee ambayo mguu huo ungepanda mlima kwa raha yake badala ya kupeleka mkate wa mtu. Ni nani anayesema furaha ya mwenye nguvu haina haki? Sisi tunaoandika hadithi za kumtetea mnyonge tunasahau kwamba mwenye nguvu naye mara nyingi ni mnyonge wa mahali pengine.

Ila nikikumbuka kisa kingine cha milima ya Ufaransa, naona kaka mkubwa hajamaliza maneno yote. Mwaka 1934 kijana wa miaka 20, René Vietto, alikuwa anapanda kuliko karibu kila mtu katika Tour de France. Kiongozi wa timu yao ya taifa alikuwa Antonin Magne. Katika milima ya Pyrenees gurudumu la Magne liliharibika, Vietto akampa lake, akakaa kwenye ukuta wa barabarani akilia huku akisubiri gari la vifaa. Picha yake ipo. Siku ya pili yake Magne akapatwa tena na hitilafu, na Vietto safari hii alikuwa mbele yake. Akageuza baiskeli, akarudi alikotoka, akampa baiskeli nzima. Magne akashinda mashindano, Vietto akamaliza wa tano.

Utaniambia wale walikuwa kazini, na kwamba Vietto alimsaidia mkubwa wake, si aliye dhaifu. Kweli. Lakini mimi sitazami machozi yale wala ushindi wa Magne. Natazama kule kugeuka. Mtu anaposubiri mbele, kila hatua aliyoipata ni yake bado, amekaa juu yake kama kuku juu ya mayai. Anaporudi nyuma amekubali kupoteza. Kati ya watu wawili hawa wote tunasema "wamemjali mwenzao", neno moja, na huo ndio ufukara wa maneno yetu. Kusubiri kwa konani hakumgharimu anayesubiri kitu. Anapata kivuli, anapata pumzi, na juu yake anapata jina la mtu mwema.

Kuna jambo jingine lililojitokeza baadaye, tena kwa bahati. Siku moja kijiweni, katika kusimulia, mmoja wa wachuuzi wa samaki akasema naye tangu kona ya nne alikuwa anaona nyota. Mwenzake akasema, "Kumbe na wewe?" Basi kumbe walikuwa watatu! Wawili hao walikuwa na hali karibu sawa na ya mshona nguo, ila kila mmoja alijikaza awe mita mia mbele yake, ili wa mwisho awe mtu mwingine. Aibu ilitupanga mstari vizuri kuliko kaka mkubwa alivyotupanga kule Muheza, na ikahakikisha kwamba anayeonekana dhaifu ni mmoja tu.

Wale wa mashindano makubwa wamelijua hili siku nyingi. Milimani, wasioweza kupanda hawajifichi. Wanajikusanya makusudi nyuma, kundi zima, wanalipa jina la Kiitaliano, gruppetto, yaani kikundi, na wengine wanaliita basi, kama basi la abiria. Wanakwenda mwendo wao, wanapiga hesabu pamoja ili wafike kabla ya muda wa mwisho, na wakichelewa wanachelewa wengi kiasi kwamba waamuzi wanaona taabu kuwatoa. Mwaka 2011, siku walipomaliza juu ya Galibier, waendeshaji 88 walipitiliza muda, na wote wakaachwa waendelee. Mmoja wao alikuwa Mark Cavendish. Alikatwa pointi 20 kwa kuchelewa huko, na bado akaja kuvaa fulana ya kijani Paris. Hakupanda mlima ule kwa ushujaa. Alipanda kwa kukubali hadharani kwamba yeye ni wa nyuma, akiwa na wenzake wa nyuma.

Hapo nadhani ndipo penye umoja ambao mlima hauwezi kuuvunja. Hautokani na wenye nguvu kuwasubiri wasio nazo. Unatokana na watu watatu waliochoka kuambiana "nimechoka" wakati bado wana pumzi ya kuzungumza. Upepo hauwasaidii, kilo hazipungui, lakini hakuna anayekimbilia kona kwa aibu. (Na nisamehewe kupenyeza jambo la nyumbani: sisi tunaoandika tunafanya vilevile. Kila mmoja anasema riwaya yake "inakwenda vizuri". Hadithi zinazoletwa kwenye kurasa hizi zimejaa mashujaa waliofika kileleni. Wa tisa tunamwacha chini, hatumpi hata jina.)

Bado swali la lori halijaniachia. Mshona nguo mwenyewe hasemi tulikosea kumpandisha. Anasema kosa ni kwamba mtu aliyepuuzwa alipokuwa na akili timamu ghafla anashughulikiwa alipoipoteza. Kule kona ya kwanza alisema "nendeni" na tukamwamini kwa kuwa ilitufaa. Kule Soni akasema "sitaki lori" na hatukumwamini kwa kuwa ilitutisha. Mara zote mbili tulisikia tulichotaka. Mimi namjibu kwamba hofu ile ilikuwa ya haki, na ningemshika miguu tena leo. Ananiambia, "Nishike, lakini uwe umeniuliza Mombo."

Sasa tunapanga kwenda Amani, kule juu ya Muheza. Si mbali kama Lushoto ila kona za barabara yake hazina adabu. Mshona nguo anakuja. Ametoa masharti, na ameyasema mbele ya wote. Kundi likisimama kona, yeye atapita bila kusimama, na wengine wakae dakika zao kumi hapohapo, wamfuate baadaye. Anayechoka aseme chini kabisa mlimani, si juu, na wachuuzi wote wawili wa samaki wamekwisha kusema, wanacheka lakini wamesema. Na habari ya kubebwa, kila mtu amtaje mapema, akiwa ameshiba na ana akili zake, mwenzake mmoja atakayeamua badala yake siku ikiwa mbaya. Yeye amemchagua fundi, yuleyule aliyemshika kwapani.

Kaka mkubwa aliyasikiliza yote hayo mpaka mwisho, kreti zake tupu ziko nyuma ya baiskeli. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza tu safari hii pampu atabeba nani.